Zabibu Zilizotangulia Likizo

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala bondeni, na Bibi Mkasi ameshakamua punje tatu za zabibu juu ya kioo cha kupimia sukari. Anakielekeza kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anashusha pumzi.

"Zimeiva," anasema, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Mkulima mwingine angepiga vigelegele. Bonde hili la baridi liko barabara inapoishia, na zabibu za mvinyo hukubali kuiva vizuri mwaka mmoja katika mitatu. Lakini leo ni Jumanne. Binti yake, muuguzi mjini, anaanza likizo Jumamosi.

Mama huyu wa miaka sitini na moja, aliyebandikwa jina la Mkasi kwa wepesi wake wa kupogoa, huvuna na bintiye tangu alipofiwa na mumewe. Mmoja upande huu wa mstari wa mizabibu, mwenzake upande ule, majani katikati.

"Nyumbani ni 'sawa mama, sawa mama', macho kwenye simu," anasema Bibi Mkasi. " Hapa ndipo husema. Mchumba alipomwacha alinisimulia hapa hapa. Mimi naona vidole vyake tu, nanyamaza, nakata."

Shemeji yake, dereva wa lori la kiwanda cha mvinyo, anapiga honi.

"Shemeji, tunakata au tunatazamana? Wingu lile halikuja kutembea!"

"Siku nne tu, shemeji."

"Siku nne? Mwaka juzi ulisema mbili."

Mwaka juzi alimngoja binti, mvua ikapasua punje, kuvu ikamalizia. Katika kilo mia tisa aliambulia mia mbili. Hela za bati hazikupatikana; paa la chumba chake mpaka leo ni turubai.

Anampigia binti simu, spika ikiwa wazi.

"Mwanangu, nakata leo."

"Sasa likizo nije kufanya nini huko, mama?"

"Uje unione."

"Nitaangalia, mama."

Anaingia mstarini. Mkasi wake hausimami, kreti zinajaa, shemeji anapakia akipiga mluzi. Mara mbili anauliza jambo kupitia majani, na mara mbili kibarua aliyeshika upande wa binti anashtuka: "Unasema na mimi, bibi?"

Mvua inaanguka alasiri, lori likiwa limeshafunikwa. Kilo mia nane na sabini, zote salama. Shemeji anampongeza, yeye anatazama mizabibu mitupu.

Mwezi ujao, anamwambia, atapanda miche arobaini ya aina nyingine, inayoiva wiki mbili baada ya hizi. Itaanza kuzaa mwaka wa tatu.

"Baridi itaiwahi," shemeji anacheka. "Utavuna barafu wewe!"

"Cheka tu. Mwenye kitalu naye kaniuliza nataka zabibu tamu au kali," anasema Bibi Mkasi. "Nikamwambia nataka zinazochelewa."