Barua ya Lukas Iliyosomwa Kimya

Nahumu Chirwa alipofika Njombe mwezi wa Juni mwaka 1949, alikuwa ameshatanguliza uongo. Katika barua ya kuomba nafasi kwenye chuo cha ualimu cha misheni aliandika, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba Kiswahili anakijua kusoma, kuandika na kusema. Ukweli ni kwamba alijua maneno aliyookota kwa mabaharia wa meli na wachuuzi wa samaki, basi. Kwao ni Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa, upande wa Nyasaland. Shuleni alisomeshwa kwa Kinyanja na Kiingereza, na miaka mitatu mfululizo hakuna aliyempita darasani. Akajiambia kwamba lugha ya majirani haiwezi kumshinda mtu wa namna yake, ataidaka hukohuko.

Meli ikamshusha Lupingu. Kutoka pale pwani ya ziwa akapanda milima siku nne, sanduku kichwani, mpaka akatokea kwenye nchi ya baridi ambayo hakuwahi kuota. Asubuhi ya kwanza Njombe alitoka nje akaona majani yamekuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Akainama kuyagusa. Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi wakasimama kumtazama, kisha mmoja akasema neno kwa Kibena, wote wakacheka. Nahumu naye akacheka. Huo ndio ukawa mtindo wake: asichokielewa, anakichekea.

Bweni la chuo lilikuwa limejaa, kwa hiyo mchungaji akampeleka kwa mjane mmoja wa usharika, mama Fidelia, ambaye nyumba yake ilikuwa umbali wa wimbo mmoja wa kanisani kutoka darasani. Mama Fidelia alikuwa na mashamba ya njegere na viazi, na mtoto mmoja tu, Lukas, aliyekwenda kukata mkonge upande wa Kilosa mwaka wa nne huo. Alimpa mgeni chumba cha Lukas na blanketi la Lukas. Kusoma hakujua, lakini Kiswahili alikisikia vizuri, cha kanisani na cha sokoni.

"Kamwene, mwanangu," humwambia kila asubuhi, na Nahumu humjibu hivyohivyo, "Kamwene, mama." Salamu hiyo ya Kibena aliijua. Aliisema kwa sauti kubwa ili ifunike maneno mengine.

Chuoni mambo yalikuwa magumu. Hesabu aliwashinda wote, Kiingereza ndiyo usiseme. Lakini masomo ya kufundishia watoto yalikuwa kwa Kiswahili, na kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya kusoma somo la asubuhi mbele ya chuo kizima. Zamu yake ilipofika, lilikuwa somo la kondoo aliyepotea. Neno hilo hakuwahi kulisikia. Kwao kondoo huitwa jina jingine. Akalikata, akasoma "kondo." Kondo aliyepotea. Mchungaji akaziacha tisini na kenda akaenda kuitafuta kondo.

Kondo ni kile kinachotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Benchi la nyuma liliangua kicheko, kikasambaa mpaka kwa walimu. Mpishi wa chuo, Kornelio, alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nahumu alimaliza somo masikio yakimwaka, na tangu siku ile hakusoma tena kwa sauti mbele ya mtu. Zamu yake ikikaribia, anaugua koo.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, siku ya Jumanne, mama Fidelia aliporudi kutoka misheni na bahasha mkononi. Alikuwa akitweta. Hakutua hata kikapu.

"Ya Lukas!" akasema. "Nimeujua mwandiko. Nisomee, mwanangu. Nisomee kwa sauti, nisikie anavyosema."

Nahumu aliifungua. Ilikuwa karatasi moja, penseli, mistari sita au saba. Akaipitisha macho. Baadhi ya maneno aliyajua. Akafika penye neno *nitapita*, akasimama.

Kwa Kinyanja, mtu akisema *nditapita*, maana yake ameshakwenda, jambo limekwisha. Mbele yake kulikuwa na maneno "Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Mwezi uliokwisha, akawaza, ndivyo kwao husemwa. Lakini moyoni kitu kikamwambia hana hakika. Kitu hicho alikisikia vizuri kabisa, kama mtu anavyosikia mlango ukigongwa.

"Soma basi," mama akasema.

Angeisoma kwa sauti kama ilivyo, herufi kwa herufi, hata kwa ulimi wake mbaya, mama angeelewa kila kitu. Lakini jirani, Margareth, alikuwa amekaa pale uani akichambua mboga, na Nahumu alikuwa bado anakisikia kile kicheko cha asubuhi ya kondo. Akaikunja karatasi.

"Salamu nyingi," akasema. "Yeye mzima. Mwezi uliokwisha yeye alipita Makambako na gari. Anapenda kukuona."

Uso wa mama Fidelia ukashuka. "Alipita Makambako? Asifike nyumbani? Siku moja tu ya gari?"

"Alipita," Nahumu akarudia.

"Hebu iangalie tena, mwanangu. Pengine hukuiona vizuri."

Hapo ndipo Nahumu alipotamka maneno ambayo baadaye angetoa chochote kuyarudisha kinywani. "Mama," akasema, "mimi mwalimu. Kazi hii nimesomea."

Mama Fidelia akaichukua barua, akaiingiza kwenye Biblia yake asiyoweza kuisoma, akaingia ndani. Margareth akainamia mboga zake. Habari ya mtoto aliyepita karibu na mlango wa mama yake bila kubisha ni habari ya fedheha, na mama Fidelia hakumsimulia mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana hakupatikana wa kuisahihisha.

Jumamosi ya mwisho wa Septemba ikapita. Mama Fidelia alikuwa shambani akipalilia.

Wiki iliyofuata akaja Hezekia, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi Lyamkena pale Makambako. Alikuwa amebeba bunda lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Nahumu alikuwa uani akisahihisha madaftari. Mzee hakukaa.

"Shemeji, ulikuwa unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Mbona hukuja? Mtoto amekungoja Makambako tangu asubuhi mpaka jua limeinama. Kila gari likitoka Njombe analikimbilia. Mimi nimepata habari mchana, nikamkuta amesimama palepale. Dereva akapiga honi mara tatu. Mwisho akanipa hili akasema, mpe mama, pengine barua haikufika."

Mama Fidelia alimtazama kama asiyesikia. "Alikuwa Makambako? Juzi?"

"Juzi Jumamosi. Anakwenda migodini Afrika Kusini, miaka miwili. Amekuandikia."

Mama akaingia ndani, akatoka na barua, akampa Hezekia. Hakumwangalia Nahumu. Hezekia akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno:

"Mama yangu mpenzi, salamu sana. Mimi ni mzima. Kazi ya mkonge nimeiacha. Nitapita Makambako Jumamosi ya mwisho wa mwezi na gari la watu wa migodi. Litasimama hapo mchana. Uje nikuone, mama, maana naenda mbali. Usikose."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya ghala. Nahumu alisimama, madaftari yakaporomoka kutoka mapajani, naye hakuyaokota. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya baridi.

Hezekia akauliza, "Nani alikusomea?"

Mama Fidelia akakaa kwenye kigoda. Halafu akamgeukia Nahumu, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Ulijua kwamba hujui?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kwao neno lile lina maana nyingine, na ingekuwa kweli. Lakini hilo si alilokuwa ameulizwa.

"Nilijua, mama."

"Haya," mama akasema. Akafungua bunda. Ndani mlikuwa na blanketi jipya la bluu na kitambaa cha kichwani.

Jioni akampakulia Nahumu ugali na maharage kama kawaida, sahani ileile, kiasi kilekile. Hakumpunguzia hata tonge. Nahumu alitamani mama amtukane. Alikula mpaka mwisho, kwa kuwa kuacha chakula cha mtu uliyemkosea ni kumkosea tena.

Kesho yake alianza kufunga sanduku. Kornelio mpishi, aliyekwishapata habari kama mji mzima ulivyopata, akamkuta akihangaika na kamba.

"Unakwenda wapi, Mnyasa?"

"Kwetu."

"Sawa. Na yule mama barua zinazokuja atasomewa na nani?"

"Mtu anayejua Kiswahili."

Kornelio akacheka kidogo, si kwa kumdhihaki. "Kiswahili! Mimi nyumbani nasema Kikinga. Mama Fidelia Kibena. Mkuu wa chuo mwenyewe ni Mpangwa wa kuzaliwa. Hapa Kiswahili si cha mtu, sote tumeazimana. Ungeuliza tu."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kicheko chote cha siku ile. Ungeuliza tu. Miezi minne alikuwa amejificha asionekane mjinga mbele ya watu ambao wote walikuwa wamewahi kuwa wajinga wa kitu hichohicho.

Alifungua sanduku. Lakini kabla ya lolote aliomba ruhusa, akapanda lori hadi Makambako kutafuta anwani ya huko migodini. Karani wa waajiri akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Pale magari yanaposimama kulikuwa na mwanamke akiuza chai na viazi vya kuchemsha, akiitwa Priska. Nahumu akamuuliza, kwa Kiswahili chake kibovu, kama anamkumbuka kijana aliyekuwa akimngoja mama yake.

"Namkumbuka sana," Priska akasema. "Alinunua chai vikombe viwili. Kimoja akanywa, kimoja akasema kiache, mama yangu anakuja amechoka. Kikapoa. Akaniomba nikipashe moto. Nikakipasha mara mbili." Akamtazama. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana," Nahumu akasema. "Mimi niliyesoma barua."

Priska hakuelewa, wala Nahumu hakumweleza. Alirudi Njombe amesimama nyuma ya lori, upepo ukimpiga usoni.

Jumapili ile alikaa na mama Fidelia uani wakaandika jibu. Mama alisema, Nahumu akaandika, kisha akaisoma kwa sauti tangu mwanzo, Margareth akisikia, na wapita njia wakisikia. Alikosea. Mama akamsahihisha. Akakosea tena. Alipofika mwisho akaomba ruhusa aongeze maneno yake mwenyewe, akayatamka huku akiyaandika: kwamba yeye ni Nahumu Chirwa wa Nyasaland, anayelala kwenye chumba cha Lukas, kwamba barua ilifika, naye ndiye aliyeisoma vibaya kwa kiburi, kwamba mama hakukosa kwa kupenda.

"Hapo pa kiburi," mama Fidelia akasema, "umetamka vizuri."

Hakutabasamu. Ila tangu siku ile, wakati wa kumenya njegere, alikuwa akimtajia jina la kila kitu mkononi mwake, naye anarudia, na mwaka wa pili Nahumu akasoma somo la asubuhi bila kuugua koo.

Lukas alikuwa akiandika mara moja tu kila baada ya miezi mingi. Barua zake Nahumu alizisoma kwa sauti, kila mstari mara mbili. Zilimsalimu mama, Hezekia, Margareth, hata mbuzi. Nahumu hazikumtaja, naye hakungoja kutajwa.

Masika ya 1951 mama Fidelia akashikwa na kichomi. Siku sita tu, akafariki, na Hezekia akamwandikia Lukas habari. Mazishini, wenye kubeba jeneza walipojipanga, Hezekia akamshika Nahumu mkono akamweka mbele upande wa kulia, mahali pa mtoto. Watu waliona ni heshima. Nahumu alitembea ameinamisha kichwa, akiuona ule mti wa jeneza begani kuwa ni wa mwingine aliyenyang'anywa.

Alipomaliza chuo alipangiwa shule Wanging'ombe, na huko ndiko habari ilikomfikia mwezi wa Oktoba kwamba Lukas anarudi. Akaenda Makambako akamngoja. Basi lilipokuja akamtambua mara moja, maana alikuwa na paji la uso la mama yake.

"Wewe ndiye Mnyasa," Lukas akasema.

"Ndiye mimi."

Lukas alilitua sanduku lake chini. Alikuwa amekonda, akikohoa kidogo. "Barua yako niliipata. Na mama katika nyingine, aliyoandikiwa na baba mdogo Hezekia, alisema nisikuchukie. Nimejaribu. Siku nyingine naweza."

"Sikuja kuomba unisamehe, ndugu yangu. Nimekuja nionekane."

Walipanda gari moja kwenda Njombe, wamekaa benchi moja. Walipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, na uani majani yalikuwa yameota. Lukas akasimama kidogo, akatazama kilima cha makaburi kule nyuma ya kanisa, palipokuwa na misalaba mingi inayofanana.

"Mimi sijui ni lipi," akasema. "Nionyeshe alipolala."

Nahumu akatangulia. Njia ilikuwa nyembamba, isiyoruhusu wawili kwenda sambamba, naye hakuwa na namna ila kupita mbele, akimwongoza mtoto kwenye kaburi la mama yake, huku akisikia nyayo zake nyuma mpaka juu.