Mjane wa Kwenye Filamu

Chumba cha shangazi Halima kilikuwa kimekosa harufu ya udi. Alikuwa amekaa eda, na mwanamke aliyekaa eda hajifukizi, hajipambi, wala hatoki kwenda kutembea. Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, Mto Tana ulifurika hadi mashamba ya mpunga yakageuka ziwa, na mumewe akazama akivuka kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne mwenye domo lisilolala. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa nikienda banda la video pale Garsen, kisha narudi nanukia petroli ya jenereta, namsimulia shangazi picha niliyoiona. Alikuwa akisahau msiba kidogo, nami nikijiona daktari.

Siku moja wakaweka filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Wavulana walizomea kwa kuwa haikuwa na ngumi. Mimi niliganda. Vivuli vya madirisha viliangukia nyuso za watu mistari mistari kama jamvi, mvua haikatiki, na wanaume wamevaa kofia hata sebuleni, sijui adabu gani ile! Mke mrembo alimtuma mumewe nje akanunue sigara, kumbe hawara wa mke amemvizia njiani amuue. Picha tamu, ila mwisho uliniudhi, maana hawara yule yule ndiye aliyemkabidhi mwanamke kwa polisi.

Nikamsimulia shangazi yote, nikiiga kuvuta sigara kwa kijiti. Nilipofika pale mume anapotumwa, aliacha kusuka ukili.

"Yule mke alijua kama mumewe atakufa?"

"Alijua, shangazi. Ndiyo maana akamtuma."

"Mimi sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua. Nilitamani kambare wa ng'ambo tu. Nikamwambia, wenzio wavuka, wewe waogopa nini?"

Sikuwa nimewahi kuambiwa hayo. "Ajali haina kinga, shangazi," nilisema, kama nilivyowasikia akina mama wakisema matangani. Alilia mpaka adhana ya magharibi, nami nimekaa palepale na kijiti mkononi, natamani ardhi inimeze.

Majuzi niliitazama tena filamu ile, kwenye simu. Vivuli vile bado vinanipendeza, na vikinipendeza naona haya. Kasoro yake sasa naijua: mume anazikwa, na kamera inaangalia miguu ya mjane. Hakuna anayemuuliza neno. Shangazi yu hai, mzee sasa, na nikienda kumjulia hali huniuliza siku hizi natazama picha gani. Namwambia nimeacha kutazama.