Mchezaji Aliyesema Atabaki

Kuna Jumamosi moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa besiboli, baridi bado haijaisha vizuri, nami nilikuwa msichana niliyetoka Tabora kuja Marekani bila kujua kwamba duniani kuna mchezo ambao watu wazima hukaa mchana kutwa wakimtazama mtu mmoja aliyeshika gongo.

Nimeikumbuka tena wiki hii kwa sababu yenu. Tangu itangazwe kwamba yule kijana wa timu yetu ameongeza mkataba wa miaka mingi, simu yangu haijapumzika. Kundi la vijana wa kanisa limejaa picha za jezi. Wengine mnaimba. Wengine mnanung'unika kwamba ataumia goti, kwamba atavimba kichwa, kwamba wachezaji wazuri wote huishia kwenda New York au California. Nawe ukaandika pale, kwa Kiingereza chako kizuri, kwamba huoni sababu ya mtu mzima kushangilia kazi ya mtu mwingine. Sikukujibu kwenye simu. Mambo mengine hayajibiwi kwa kidole gumba. Keti nikusimulie.

Siku hizo nilipanga chumba Greenbelt na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Jumamosi nikipata nafasi nilikwenda Germantown kwa Mama Nekesa, mama wa Kikenya wa kutoka Bungoma, nesi, aliyekuwa ameishi nchi hii muda mrefu kuliko sisi sote. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile nyembamba zilizobanana na za majirani, na haikukosa wageni. Alipenda besiboli. Alisema ni mchezo pekee unaoweza kuutazama huku unakunja nguo na usipitwe na kitu.

Pale alikuja Kevo, kijana wa Nairobi mwenye maneno mengi kuliko redio. Na alikuja Pascal.

Pascal alikuwa mtu wa Bukavu. Aliendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki na kuwarudisha. Mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Kwa muda mrefu mimi naye tulikuwa tunakaa kochi moja pale kwa Mama Nekesa, kisha ananirudisha Greenbelt kwa gari lake, anasubiri barabarani mpaka aone taa ya chumba changu imewaka, ndipo anaondoka. Neno lenyewe hakulisema. Nami sikumsaidia kulisema. Watu wakituuliza tulicheka, kila mmoja akatazama kwingine. Mwanangu, unaweza kuishi hivyo muda mrefu sana ukidhani ni adabu.

Huyo Pascal alikuwa na kidonda chake cha besiboli. Aliwahi kumpenda mchezaji mmoja wa timu yetu kama ndugu. Alinunua jezi yake akiwa bado mgeni kabisa, kabla hata hajapata koti zuri la baridi. Mchezaji yule mkataba wake ulipoisha akaenda mji mwingine, hata hakuaga vizuri. Pascal akaichukua jezi ile akaiweka kwenye buti la gari, ikawa kitambaa cha kufutia vioo. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Mi nilipenda mara moja. Inatosha."

Basi Jumamosi hiyo mimi nilikuwa na jambo moyoni. Rafiki yangu aliyehamia Dallas alikuwa amenitafutia kazi hospitalini, kazi ya maana, yenye nafasi ya kusoma. Jumatatu walitaka kusikia kama nakwenda au siendi. Nilikuwa nimemwambia Mama Nekesa peke yake. Pascal hakujua.

Tulikuwa sebuleni, mechi imeanza, mara mtangazaji akakatiza maneno yake akasema habari imethibitishwa: kijana wetu anayelinda kona ya tatu ya uwanja, yule ambaye watu walikuwa wameshaanza kumhesabu kama amekwenda, ameongeza mkataba. Atacheza hapa miaka mingi ijayo, pengine mpaka mvi zianze kumtoka.

Kevo aliruka akagonga taa ya dari. "Manze, amesign. Anabaki, anabaki!" Alimkumbatia Mama Nekesa, akanikumbatia mimi, akatoka nje akampigia kelele jirani Mmarekani ambaye hakuwa hata amesemeshwa mwaka ule wote, na jirani naye akapiga kelele kutoka barazani kwake. Honi zikaanza kulia barabarani. Mtu mzima mmoja kwenye runinga, mshabiki waliyemkuta nje ya uwanja, alijaribu kuhojiwa akashindwa, akajifuta macho kwa kofia yake.

Pascal hakuinuka. "Kontra ni karatasi," alisema. "Ataumia mguu mwaka wa pili, mtaona. Ama atalewa pesa, aache kukimbia."

"Zii, Pascal," Kevo akamwambia. "Leo tu. Hebu furahi kidogo, kisha kesho uendelee na matanga yako."

Nami, kwa kuwa nilitaka kumtetea Pascal, au pengine kwa kuwa nilikuwa na Dallas yangu kifuani, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Lakini mnafurahia nini hasa? Yeye kapata kazi yake. Ninyi mmepata nini?"

Unasikia, mwanangu? Ni maneno yako yaleyale.

Mama Nekesa hakunijibu pale. Aliniita jikoni nikamsaidie kusukuma chapati. Alifunga mlango wa jikoni kwa mguu, akanipa mti wa kusukumia, akaanza kukata vitunguu bila kunitazama.

"Umewaangalia wale watu pale sebuleni?" aliniuliza.

"Nimewaangalia, Mama."

"Kevo anangoja karatasi za uhamiaji. Pascal anangoja karatasi. Mimi mwenyewe nilipofika, kila aliyenisalimu kazini aliniuliza narudi kwetu lini. Hata rafiki zangu tulikuwa tunasalimiana hivyo, bado uko, bado niko. Hapa hakuna mtu anayeuliza utafanya nini baada ya miaka mitano, maana hakuna anayejua. Sasa anatokea kijana mmoja, mwenye ruhusa ya kwenda mji wowote anaoutaka, kila mji unamtaka, anasema mimi nitabaki na hawa. Wewe unaona ni mambo ya pesa. Wale wamesikia kwamba mahali walipo panafaa mtu kupachagua. Waache washangilie."

Nilisukuma chapati moja mpaka ikawa nyembamba kama karatasi.

"Na huyo mchezaji anaweza kuumia," aliendelea. "Pascal hajakosea. Lakini neno likishatoka, watu wanaweza kupanga. Mtu atamnunulia mtoto jezi bila hofu. Mtu atasema mwaka kesho tutakwenda uwanjani wote. Huwezi kupanga kitu juu ya mtu aliyenyamaza." Akaweka kisu chini. "Umemwambia Pascal habari ya Dallas?"

"Hajaniuliza."

"Atauliza vipi kitu asichokijua?"

"Mama, mimi ndiye mwanamke. Nimwambie nini? Nikimwambia naondoka, ni kama namlazimisha aseme."

"Rehema," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu likitamkwa kwa ukali nyumbani mwake, "wewe unamngoja aseme anakutaka ubaki. Yeye anangoja aone kama wewe ni wa kubaki. Mmekaa kwenye kochi langu mnasubiriana mpaka kochi limebonyea. Mwambie ukweli wa safari yako. Atakachofanya nao ni chake."

Nikafuta unga mikononi nikatoka.

Nilimwita Pascal nje, kwenye maegesho. Nilisema yote kwa pumzi moja, Dallas, hospitali, Jumatatu. Alinisikiliza huku anatazama funguo zake. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na kila wiki nakurudisha kwako, na hunambii."

Aliniangalia kidogo, akafungua mlango wa gari, akaingia, akaondoka. Hakurudi ndani hata kuaga. Mechi ilikuwa haijafika nusu.

Kevo alinirudisha Greenbelt jioni ile, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema neno njiani. Nilifika nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku. Nilijiambia, si unaona, bora umejua mapema. Nililala vibaya. Asubuhi sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani nikiwaza jinsi nitakavyowaambia wale wa Dallas ndiyo, kwa sauti gani, ili wasijue nimelia.

Mchana mlango uligongwa. Nilipofungua nilimkuta mama mmoja mnene, kitenge juu na chini, kilemba cha heshima, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nyuma yake Pascal, amebeba kreti ya soda begani, jasho linamtoka. Alikuwa ametoka Germantown moja kwa moja mpaka Springfield, huko kwingine kabisa Virginia, kumtafuta shangazi yake, ambaye wao humwita Tantine. Alimkuta yuko kwenye ibada ya mazishi, akamngoja, akalala kwenye kochi nyumbani kwake, asubuhi akamsubiri atoke misa, akamleta.

"Binti," Tantine alisema kabla hata hajakaa, "huyu mtoto amenisumbua tangu jana. Amesema kwamba neno hili mtu halisemi peke yake kwenye parking kama anauza gari. Mzee wako yuko wapi hapa?"

Sikuwa na mzee hapa. Baba alikuwa Tabora na mama alishafariki. Nilimpigia Mama Nekesa. Alifika haraka kuliko nilivyodhani barabara inaruhusu, akakaa upande wangu, akajitengeneza kama mtu wa ukoo wangu wa damu.

Pascal alisimama katikati ya kile chumba changu kidogo, sanduku liko wazi pembeni, nguo zangu zinaonekana.

"Mi sikukuja kusema ubaki hapa," alianza. "Nilifikiri njia yote. Kama Dallas ni kazi nzuri, wewe wende. Na mi nakuja. Kuendesha gari, naweza kuendesha fasi yoyote, mji wowote. Karatasi zangu bado, na siwezi kukudanganya kwamba najua zitatoka lini. Ile ninajua ni moja. Fasi yenye utakuwa, nataka kuwa pale. Nilipaswa kusema zamani. Niliogopa, maana nikishasema, halafu ukaondoka, sina tena pa kujificha."

Tantine aliitikia kwa kichwa polepole. Mama Nekesa alinigusa goti. Nikasema nimekubali, na soda zikafunguliwa.

Sikia jambo hili, mwanangu, maana watu wengi wakisimulia hulikosea. Sikukataa Dallas kwa sababu ya mwanamume. Nilipopewa ruhusa ya kwenda na kufuatwa, ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza kama naitaka Dallas. Nikaona siitaki. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu aseme kwamba nikiondoka pengo langu litaonekana. Jumatatu niliwapigia nikawashukuru. Baada ya muda nilipata nafasi ya kusoma uuguzi hapahapa, nikawa nesi, na unajua mwenyewe nimefanya kazi gani mpaka leo.

Baba alikubali kwa simu, baada ya kumhoji Tantine maswali ambayo hata ofisi ya uhamiaji haiulizi. Tulioana kiangazi, kwenye ukumbi wa kanisa, Kevo akiwa mshereheshaji, na alizungumza mpaka chakula kikapoa.

Na yule mchezaji? Kwa kweli mwaka uliofuata alicheza vibaya. Aliumia bega, akakaa nje karibu msimu mzima, na watu walewale waliopiga honi wakaanza kusema wameibiwa. Pascal, aliyesema kontra ni karatasi, sasa ndiye aliyekuwa akimtetea mbele ya kliniki nzima. Alikuwa anasema, "Amebaki, si amebaki? Mpeni muda." Baadaye kijana alirudi vizuri, ingawa hakuwa yule wa mwanzo kila siku. Nasi tulikuwa na miaka yetu ya kuumia bega. Karatasi zilichelewa mpaka tukakata tamaa. Mimba ya kwanza haikufika. Kuna kipindi tulikula chakula meza moja bila kuongea. Lakini hakuna hata siku moja katika hizo niliyojiuliza kama nikirudi nyumbani nitamkuta. Lile lilikuwa limeshasemwa, mbele ya watu, na soda tulikunywa.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe na wenzako. Kama umeamua kubaki na mtu, au na kazi, au na mji huu wenye foleni na baridi, sema. Usimwache mwenzako abahatishe kwa kutazama uso wako. Kama umeamua kuondoka, sema hilo nalo, mapema, ukimtazama machoni, ili apange maisha yake. Usiogope kwamba neno lako litakushinda baadaye. Litakushinda siku nyingine, na utaomba msamaha, na utaendelea. Na mtu mwingine anaposema hadharani kwamba amechagua kubaki, hata kama ni mchezaji usiyemjua na hatakujua, furahi naye kwanza. Hesabu za goti na bega zitakuja zenyewe, hazihitaji msaada wako.

Mungu akupe mtu wa kukuambia wazi kwamba yupo, na akupe wewe mdomo wa kumjibu. Akupe mahali utakapopachagua bila kusukumwa na hofu. Karatasi zako zitoke, kazi yako ishike, na siku utakayokuwa na jambo zito la kusema, usikose mzee wa kukaa upande wako. Nenda kwa amani, mwanangu.