Usukani wa Kigari Chetu cha Southall

Jumamosi iliyopita nilishuka Southall, magharibi mwa London, kununua bizari na bamia, nikajikuta nimesimama mbele ya kijana anayekaanga muhogo kando ya barabara. Aliukamulia ndimu, akaunyunyizia chumvi na pilipili, akanipa kwenye karatasi. Nilitafuna kipande cha kwanza tu, ndugu yangu, na hapo hapo nikawa msichana wa miaka kumi, magoti yamechubuka na mikono inanuka grisi.

Tuliishi mtaa wa nyuma ya barabara kuu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kipunjabi, mzaliwa wa Nakuru. Siku tuliyohamia alimsikia mama akitukemea kwa Kiswahili tuache kukanyaga godoro, akatoka mlangoni na kusema chai iko tayari, kana kwamba alikuwa akitungoja. Mama, aliyekuwa hajapata wa kupiga naye soga tangu atoke Morogoro, alikaa huko hadi jioni. Sisi tukafundishwa kumwamkia shikamoo. Kwao haikuwa desturi sana, lakini aliipenda. Asubuhi alichungulia dirishani kutudai.

Kiangazi kimoja, shule zimefungwa, mimi na mdogo wangu wa kiume tuliokota magurudumu ya kigari cha mtoto mchanga yaliyotupwa, tukaamua kuunda gari letu. Ubao wa kitanda kilichovunjika ukawa sakafu, sanduku la maembe likawa kiti. Mteremko tulikuwa nao: njia ya waenda kwa miguu iliyoshuka kutoka daraja la mfereji, kisha ikakata kona kali kando ya maji. Ukiikosa kona, unaoga. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kwenye usukani.

Mhimili wa usukani tuliufanya kwa bomba la plastiki. Lilikuwa jeupe, limenyooka, tukaliona la kisasa. Mama alituona tukitoka nalo, akasema hatuendi popote mpaka bibi alikague, maana baba yake alikuwa na gereji ya malori. Nadhani alitegemea bibi atakataa, mambo yaishe.

Bibi alikuja uani na kandambili zake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alishika ncha moja ya bomba, akaniambia nizungushe ya pili. Upande wangu ulizunguka, wake haukusogea.

"Umeona?" akasema. "Mkono yako imekata kona. Gari bado inaenda kwa maji."

Lakini hakukataa. Alitutuma tulete kila kitu kigumu tulichoweza kupata. Tulileta mpini wa ufagio, akatuonyesha ufa mwembamba kwenye tundu tulilotoboa, akasema ufa ule utasafiri. Tulileta fimbo ya pazia ya alumini, nyepesi, inayong'aa. Akaipinda gotini, akainyoosha, akaipinda tena, na baada ya mara chache ikakatika kama muwa. Mdogo wangu alileta gurudumu zito la cherehani kuukuu, akiwa na hakika amemaliza kesi. Bibi alilipiga nyundo likapasuka vipande viwili. Chuma cha kumiminwa kwenye kalibu kina kiburi, alieleza. Kinanyamaza tu, halafu siku moja kinakuacha.

"Chagua chuma inalalamika," alisema. "Ile inapinda kwanza. Hiyo inakupa nafasi."

Nilimuuliza kama alikuwa akimsaidia baba yake kutengeneza malori. Alifuta mikono kwa mtandio wake. Alisema kaka zake ndio walioshika spana. Wasichana walipeleka chai tu. Ila ukitaka, akaongeza, chai inaweza kuchukua muda mrefu kufika.

Chuma cha kulalamika tulikipata nyuma ya banda lake, kwenye baiskeli iliyokwisha kufa. Bomba la fremu likawa mhimili, mikono ya baiskeli hiyo ikawa usukani, na kipande cha nondo kikaunganisha magurudumu ya mbele. Kamba na waya alizipiga marufuku. Kila nati ilikazwa, ikawekewa nati ya pili juu yake isilegee. Kisha bibi, mwanamke mnene na mwenye mvi, akailaza ile nondo juu ya matofali mawili, akasimama katikati yake na kuruka. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Jumapili tukapanda darajani. Mimi nilikuwa kwenye usukani, mdogo wangu amenikumbatia kiuno, mama na bibi wakitungoja kwenye kona. Tuliposhika kasi, kundi la mabata bukini likapanda kutoka majini na kujipanga njiani kama wenye mtaa. Nikakata kona mapema mno. Gurudumu likagonga jiwe la ukingoni, nikasikia chuma kikiguna chini ya miguu yangu. Nondo ilipinda kama upinde, lakini haikuachia. Tuliyapita maji kwa upana wa kiganja, tukasimama ndani ya majani yanayowasha.

Mama alifika akikimbia, akatupapasa mifupa. Bibi alikwenda kwenye nondo, akaipitishia kidole gumba. Alisema iliyopinda hainyooshwi, tuweke mpya. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, "Baadaye ni zamu yangu."

Wanawe, watu wazima tayari, walimsihi sana kwa Kiingereza asipande. Jumapili iliyofuata alifunga mtandio chini ya kidevu, akateremka peke yake. Aliikata kona vizuri, akaendelea hadi njia ikawa tambarare na gari likasimama lenyewe. Akabaki amekaa. Nilipomfikia nilidhani ameumia, kumbe anaitazama mikono yake juu ya usukani.

"Baba angeona," akasema.

Bibi hayupo tena. Nyua za mtaa ule zimejengwa vyumba vya kupangisha, na vigari vya watoto siku hizi ni plastiki tupu. Mama amerudi Morogoro, na Kiswahili kile cha wanawake wawili, nusu Nakuru nusu Morogoro, hakizungumzwi na mtu yeyote duniani. Jioni ya Jumamosi ile ya muhogo nilimsimulia binti yangu, anayeelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama yule bibi alishuka tena.

Nikamwambia ndiyo, kiangazi chote, na sisi tukipanga foleni nyuma yake.