Mkoromo Uliofichwa Pichani

Mjukuu wangu Kipara ndiye mpiga picha wa soko letu, na kichwa chake kinang'aa mpaka wateja hujitazama humo wakichana nywele.

Picha ya kompyuta, aliniambia, ni vidoti tupu, mamilioni, na rangi ya kila kidoti ni namba. Yeye huongeza moja hapa, akapunguza moja pale, na kwa hizo namba anaficha sentensi, akiirudia katika picha nzima kama mshono. Jicho halioni kitu. Lakini mtu akiichezea picha, pale alipogusa sentensi inavurugika.

"Sentensi gani?" nikamuuliza.

"Ya kazi tu, Bibi," akasema, akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi.

Basi akapiga picha ya wafanyabiashara wote, faili akampelekea mwenyekiti wa soko. Wiki moja baadaye picha ikatundikwa ofisini, kubwa kama mlango, na yule fundi cherehani tunayemwita Mama Kofia hayumo! Mahali pake pamesimama chungu cha maua. Na mwenyewe si mtu wa kupotea: siku ya kupigwa picha mvua ilinyesha, na safu nzima ya nyuma haikulowa kwa sababu ya kofia yake.

Akatukuta hapo ofisini, amefura. "Kipara, umenifuta! Mimi wa kugeuzwa chungu?"

Mwenyekiti akadakia, "Ametuaibisha. Kesho arudishe ufunguo wa studio."

Chumba kile cha soko ndicho riziki ya Kipara. Jasho likamtiririka kichwani bila kizuizi.

"Nifungulieni faili lenyewe," akasema. "Maneno yangu ya siri huyatia mwisho kabisa, kazi ikishaisha. Kama ni mimi niliyemfuta, yatakuwa mazima. Yakiwa yamevunjika, picha imeguswa baada ya kutoka kwangu."

"Na usome kwa sauti," akasema Mama Kofia.

Kipara akanitazama nilipokaa na fimbo yangu. "Bibi, si ungetoka kidogo upunge hewa?"

"Hewa ya humu inanitosha."

Akayafungua maneno kwenye kompyuta. Akasoma, "Bibi yangu anakoroma kama trekta. Bibi yangu anakoroma kama trekta." Akaenda hivyo hivyo, ofisi nzima imeshika mbavu, mpaka akafika kwenye chungu: "Bibi yangu anakofwmb tkkk zzz..."

"Hapo!" Mama Kofia akaruka. "Nani alikuwa na faili?"

Mwenyekiti akalipuka mwenyewe. "Kofia yako ilinifunika! Mwenyekiti mzima nionekane sikio moja?"

Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Kipara. Fimbo yangu nayo ikafanya kazi yake.

Maana mimi sikoromi. Ni kweli dirisha langu liling'oka, na ng'ombe wa jirani wakahama, lakini upepo nao una tabia zake. Nikamwamuru abadili sentensi, na sasa kila picha anayopiga inasema kimyakimya, "Bibi yangu hakoromi."

Ila juzi Mama Kofia aliomba asomewe picha yake mpya. Anasema mwanzoni mwa sentensi kuna neno ambalo mimi sikuliagiza: "Eti."