Sikio la Kulia

Mume wangu alizoea kunitania kwamba mdomo wangu huamka kabla yangu. Siku hizi hanitanii, nami naikosa ile kejeli yake kuliko ninavyoweza kumwambia.

Kwetu Mbooni kila boma lina alama yake ya masikio ya mbuzi. Yetu ni pengo dogo kwenye ncha ya sikio la kushoto. La kulia hatuligusi. Tangu nikiwa msichana nimeyakata kwa wembe na kupaka majivu kwenye kidonda. Kwa hiyo mbuzi wangu mwekundu alipopotea akiwa na mimba, sikuwa na shaka kwamba ningemtambua popote. Nilikuwa na hasira tu, maana nilishaamua kwamba ameibwa.

Juma lililofuata, siku ya soko Kikima, nilipita na kikapu changu penye mbuzi. Kati ya miguu ya watu nikaona ubavu mwekundu, kisha sikio la kushoto, kisha pengo kwenye ncha. Hayo ndiyo yaliyonifikia kwanza, na yalinitosha.

"Mwizi! Hiyo mbuzi ni yangu!"

Mwanamume aliyeshika kamba, mtu wa makamo aliyevaa koti la kanisani, aligeuka. Mbuzi naye akageuka, nikaliona sikio la kulia. Lilikuwa limepasuliwa katikati, kidonda kimepona zamani, manyoya yameota kwenye kingo. Kidonda cha juma moja hakiwi hivyo, na yeyote aliyewahi kushika wembe analijua hilo. Nami nilijua. Lakini sikio la kwanza lilikuwa limeshakata kesi, na la pili likaja kama shahidi aliyechelewa. Nikajiambia kwamba amelipasua ili anizuge. Vijana wa bodaboda walikuwa bado wanashuka kwenye pikipiki zao. Nafasi ya neno moja ilikuwepo, na sikulisema.

"Mama, hii imezaliwa kwangu," alisema yule mtu. "Uliza hata..."

Hawakumwacha amalize. Nilipopata sauti ya kuwaambia waache, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Mume wangu, pasta na chifu wote niliwaambia kwamba sikio la kulia nililiona mtu akiwa ameshaanguka chini. Wakanihurumia. Soko ni vurugu, walisema, mtu huona vipande vipande.

Mkono haukuunga vizuri, na jembe hawezi kulishika tena. Nilienda kwake na wanawake wawili wa kanisa letu, tukampelekea mbuzi wa kuombea msamaha. Alitupokea kwa mkono wa kushoto. Mke wake alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani, udongo umemfika magotini.

"Mimi nataka kujua kitu moja tu," alisema mumewe. "Hiyo sikio ingine uliiona saa ngapi? Kabla wanipige, ama baadaye?"

Niliogopa. Niliutazama ule mkono uliolala mapajani mwake, nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Baadaye," nikasema.

Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi haukukusudia," alisema. "Nimekusamehe, mama."

Mke wake akanawa mikono, akatuletea chai, nami nikainywa yote.