Kimya cha Zaburi ya Baba

Enzi zetu kule Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, mtoto wa kwaya ya Kianglikana alijifunza kunyamaza kabla hajajifunza kuimba. Msicheke. Nasema nanyi tulioimba pamoja, wenye mvi sasa, mnaoukumbuka ubao wenye do-re-mi za chaki, na harufu ya magimbi yaliyochemka nyuma ya kanisa, ambayo hatukuyaonja mpaka zaburi ikae sawa.

Mwalimu wetu alikuwa baba yangu mzazi, na upendeleo sikuupata hata chembe. Zaburi ya yule anayemlilia Mungu kutoka vilindini aliitungia sauti nne yeye mwenyewe. Kila mstari ulikuwa na nusu mbili, na katikati yake baba alikunja ngumi. Hapo ni kimya, pumzi moja nzima, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Akikunjua ngumi, tunaendelea. Malori ya kwenda Zambia yalipiga honi barabarani, baridi ya Juni ilitugonganisha meno, nasi kimya. Aliyewahi kutoa sauti alitolewa nje, na mimi nilitolewa kuliko wote.

"Hapo katikati si penu," alikuwa akisema. "Mwachieni Mungu."

Siku hizi, weee! Kijana wa kwaya ana sare tatu na video aliyopigia kwenye shamba la kahawa la watu. Mwambie aimbe sauti ya pili bila spika, atakuomba umrushie wimbo kwenye simu kwanza.

Mwaka jana baba aliugua, akajua haponi. Akanishika mkono. "Mwanangu, siku ya kunizika msiniletee kelele. Niimbieni zaburi yangu, na kimya chake." Nikamwahidi. Maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Alipofariki nikawasaka wenzetu. Nilipata watatu tu. Mzee Simkonda, besi, nilimtoa Isansa kwenye kahawa yake. Mzee Siwale wa sauti ya tatu alikuja na mkongojo kutoka Itaka. Mama Nambela wa sauti ya pili alivuka mpaka, maana aliolewa upande wa pili. Sauti ya kwanza nikashika mimi. Tulifanya mazoezi jikoni kwa marehemu. Sauti zilikwaruza, sikatai, lakini kile kimya kilikuwa kilekile cha zamani. Mama Nambela alilia mpaka chai ikapoa.

Makaburini padri akatuita. Nusu ya kwanza ikatoka safi kabisa. Nikakunja ngumi kama baba. Kimya.

Kijana wa kinanda wa kwaya ya vijana, waliokuja na spika zao, akadhani tumesahau. Simlaumu sana, alitaka kutusaidia, hajawahi kusikia wimbo unaonyamaza. Akabonyeza mdundo, spika zikanguruma, na mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Jamani, wazee wetu wamekwama! Tuwape nguvu, makofi!"

Umati wote ukapiga makofi, na vigelegele juu. Wajukuu wa baba walikuwa wakicheza pembeni ya jeneza lake. Mzee Simkonda alikuwa bado ameikazia macho ngumi yangu, anangoja niikunjue.

Ningeweza kuwanyamazisha. Sauti ninayo, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha kuvunja kile kinanda. Lakini watu walikuwa wananitazama kwa huruma, wanatabasamu, nami nikaona haya kuwaharibia. Niliona haya, basi, sina neno jingine. Nikaikunjua ngumi, nikapiga makofi pamoja nao. Mzee Simkonda akainamisha kichwa. Hajanisemesha mpaka leo.

Enzi zetu aliyevunja kile kimya alisimama nje kwenye baridi. Siku ile mimi walinisogezea kiti cha mbele, wakaniletea soda.